Ramani ya Shemeji

Duka la kushona la Shangazi lilikuwa na mgeni ambaye hakuna aliyemwalika, wala hakuna aliyeweza kumtoa. Alikuwa panya. Walimpa jina la Shemeji, kwa sababu aliingia bila hodi, akala bila kunawa, na akaondoka bila kuaga. Makao yake yalikuwa stoo, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kilichojaa majora ya vitambaa, mashine mbovu, maboksi ya vifungo na kila takataka ambayo Shangazi alisema iko siku itafaa. Taa ya stoo iliungua zamani, na badala ya kununua nyingine Shangazi aliamua kujivunia giza. Fundi wa kweli, alisema, huchukua bitana kwa mkono, si kwa macho. Ikawa ndiyo desturi ya duka: ukitaka kitambaa unaingia gizani mikono mbele, unapapasa, unajigonga goti, unatoka na jora. Mara mojamoja ulitoka na jora ulilolifuata.

Aliyejigonga goti kuliko wote alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, mshonaji mwembamba mwenye maneno ya kuchoma, na kwa sababu zote mbili watu walimwita Sindano. Sindano alijulikana kwa akili. Sifa hiyo alijipa mwenyewe, na kwa kuwa aliirudia sana, ukoo mzima ukachoka kubisha.

Siku tunayoisimulia, alasiri, kaka yake mkubwa alikuwa anaoa. Kaka alikuwa fundi bomba hodari. Angeweza kusimama barabarani akakuambia bomba la jikoni kwako linavuja wapi. Lakini yeye mwenyewe akiweka kitu chini, kitu hicho kimeaga dunia. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni aliingia nyumba ya jirani. Wenyewe ni waungwana, wakamkaribisha. Akala, akashukuru, akasimama akatoa hotuba fupi ya kuomba mchumba, ndipo mwenye nyumba akamweleza kwa upole kwamba hapo wana watoto wa kiume watupu.

Watu wengi walicheka. Mama wa bibi harusi, mwanamke mkubwa kwa umbo na mkubwa zaidi kwa sauti, hakucheka. Alisema mbele ya pande zote mbili kwamba kijana huyu akipoteza kitu kingine chochote kabla ya ndoa, hata kifungo cha shati, basi akaoe kwa huyo jirani. Na alikuwa mama wa kusema akimaanisha.

Ndiyo maana pete ilikabidhiwa kwa Sindano, mwenye akili.

Sindano alitafakari kama mtu anayelipwa kwa kutafakari. Wezi hufungua droo. Wezi hufungua masanduku. Wezi huinua magodoro. Lakini mwizi gani atavunja duka aibe karanga? Basi akashona kifuko kidogo kwa mabaki ya bitana, akakijaza karanga za kukaanga, akaizika pete katikati, akakifunga kwa uzi na kukitundika kwenye msumari mlangoni mwa stoo. Akakitazama, akajipongeza. Wahenga walisema mwerevu hajinyoi, lakini jioni ile ya kuamkia harusi Sindano alijiona ana wembe na kioo.

Asubuhi ya harusi alikuta msumari. Kwenye msumari palikuwa na kipande cha uzi kilichotafunwa. Chini palikuwa na maganda mekundu ya karanga, yakielekea stoo kwa mstari ulionyooka kuliko mishono yake.

Alikaa chini. Aliwaza kuhamia mji mwingine na kubadilisha jina. Kabla hajachagua jina, Kaka akaingia kuchukua koti lake la harusi, anapiga mluzi, na ikabidi aambiwe. Akamtazama mdogo wake. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu tangu azaliwe hii ilikuwa mara ya kwanza kitu kupotea na aliyekipoteza si yeye. Alimwomba arudie kusimulia, hasa sehemu ya karanga. Ilichukua muda mpaka akakumbuka pete yenyewe ilikuwa ya nani, na hapo kicheko kikamkatika kama umeme.

Shangazi alipofika alipata habari yote akiwa bado ameshika kufuli. Hakupoteza muda kulaumu. Hilo alilihifadhi kwa baadaye. Alisema dawa ni moja: toeni kila kitu. Mkitoa kila kitu humo stoo, watabaki panya na pete, na pete haina miguu. Ilikuwa hoja safi isiyo na tundu, na ndiyo iliyowaharibia kazi.

Wakatoa. Majora yalitoka begani, maboksi yalitoka kifuani, meza ya kukatia ilitoka kiubavuubavu, mashine mbovu ilitoka ikilalamika, sanamu ya kuvalisha nguo isiyo na kichwa ilitoka imekumbatiwa na Sindano kama wanacheza muziki. Kaka, akiwa na suruali ya harusi na fulana, alibeba stuli pana ya sponji kichwani, akaitua katikati ya chumba cha mbele, akarudi kubeba kingine. Vumbi likatimka mpaka chumba cha mbele kikawa kama kinatoa moshi. Stoo ilipobaki sakafu na kuta, wakaingia na tochi ya simu. Kitu cha kijivu kilichoshiba kikapita mbio pembeni mwa ukuta, kikapotelea kwenye ufa chini ya fremu ya mlango. Shemeji. Pete hakuna. Kifuko hakuna. Hata karanga moja ya kifuta jasho hakuna.

Na katika vumbi hilo, mlango wa barabarani ukafunguka, mama wa bibi harusi akaingia.

Alikuja kwa sababu zipu ya gauni lake ilikuwa imegoma katikati ya mgongo. Aliutazama mlima wa vitu, akaitazama sanamu isiyo na kichwa, akauliza kama wanahama.

"Usafi tu, mkwe," Shangazi akajibu bila kupepesa. "Siku kama ya leo mtu hawezi kuacha uchafu ukamsubiri."

Mkwe akasema kila nyumba na mambo yake, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akageuza mgongo ili zipu ishughulikiwe, na kutangaza kwamba hainuki hapo mpaka gauni lifunge. Shangazi akachukua sindano na uzi. Kwa macho tu, bila neno, aliwaambia wale wawili warudi stoo, na pia aliwaambia mambo mengine ambayo hayafai kuandikwa.

Wakavuta pazia la mlango wa stoo nyuma yao, wakachuchumaa gizani, bwana harusi na mtunza pete. Kaka alianza kuuliza kwa sauti ya chini kama kwa yule jirani hakuna hata mpwa wa kike. Sindano akamziba mdomo. Kwenye ufa kulikuwa na mchakacho.

Panya mwingine, baada ya fujo ile yote, angekuwa ameshahamia mtaa wa pili. Huyu alikuwa anarudi. Sindano akaifunika tochi ya simu kwa kipande cheusi cha bitana, ukabaki mwanga hafifu kama chai iliyotiwa maji mara tatu. Shemeji akatoa pua, akatoa sharubu, akatoa mwili, akaanza safari.

Alikwenda akisugua ubavu ukutani. Kisha, mahali pasipo na chochote, akakata kona kali. Akazunguka eneo kubwa tupu kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kukanyaga mkeka wa wenyewe. Akaruka juu ya hewa. Mbele kidogo akainamisha mgongo, akapita chini ya hewa.

"Amelewa," Kaka akanong'ona.

"Hajalewa. Anazunguka meza."

"Meza ipi?"

"Uliyoibeba wewe."

Mwalimu wa baiolojia aliwahi kusema kwamba macho ya panya hayafiki mbali. Gizani panya huenda kwa sharubu na kwa chumba alichokihifadhi kichwani. Sindano alilala katika vipindi vingi vya mwalimu yule, lakini siku ya panya aliamka. Sasa alikiona kwa macho yake. Pale ilikuwa miguu ya meza. Pale aliporuka lilikuwa jora. Pale alipoinama ilikuwa mashine mbovu. Wao walikuwa wamehamisha chumba kizima, na Shemeji hakupewa taarifa. Alikuwa anatembea ndani ya stoo ya jana.

Kicheko kilimpanda Sindano kutoka tumboni mpaka machoni. Kama panya ana ramani, na ramani ina kwake, basi kumbe hawakuhitaji kumkimbiza. Walihitaji kumfuata tu.

Tatizo ni kwamba Shemeji hakumaliza safari. Sharubu zilitafuta mguu wa meza, zikakuta upepo; akasita, akanusa, akarudi ufani, akaanza upya, akasita tena. Ramani ilisema hivi, sakafu ilisema vile. Sindano akatoa uamuzi: chumba kirudishwe kama kilivyokuwa. Wakatoka nje ya pazia, wakaanza kurudisha vitu mbele ya mkwe, ambaye aliuliza kwa nini vilitolewa kama vinarudi.

"Ndiyo usafi wenyewe, mkwe," Shangazi akasema na pini mdomoni. "Kutoa na kurudisha."

Ndipo ikaja aibu ambayo ukoo ule hautaisahau. Hakuna aliyekumbuka vitu vilikaa wapi. Kaka alisema meza ilikuwa kulia. Sindano aliapa ilikuwa kushoto, na akaonyesha goti lake kama ushahidi. Shangazi akaja kwa kisingizio cha kutafuta mkasi, yeye ambaye miaka yote alijisifu kwamba stoo anaijua nje ndani, akaagiza mashine mbovu iwekwe kona ya mwisho, na hilo hataki majadiliano. Ikawekwa. Shemeji akatoka ufani, akaja mbio kwa kujiamini, akaigonga kwa pua. Akakaa kitako, akajifuta sharubu, na wote watatu walihisi kwamba anamtazama Shangazi.

"Basi isogezeni," Shangazi akasema, akaenda na mkasi ambao hakuuhitaji.

Kuanzia hapo fundi mkuu akawa panya. Akiruka, wanaweka jora. Akipinda, wanasogeza meza. Akiinama, wanaingiza mashine. Wakikosea anagonga na kurudi ufani, wakipatia anapita mbio zaidi, mkia umenyooka, kama gari lililotoka kwenye mashimo likapata lami. Kaka alisahau kabisa kwamba ana harusi. Alikuwa amelala kifudifudi na suruali yake nyeupe, sasa si nyeupe tena, anatoa maelekezo kwa kunong'ona: kidogo huku, bado, bado, hapo. Kila Shemeji alipopita bila kugonga, ndugu hao wawili walipeana mikono gizani, na mara moja walipishana wakapeana vibao. Kwa mara ya kwanza stoo ile ilikuwa imepangwa na mtu anayeijua.

Sasa panya akafika mwisho. Alipita meza, akaruka jora, akapita chini ya mashine, akachomoka kwenye kona ya nyuma, na hapo akasimama. Akajiinua kwa miguu ya nyuma na kunyoosha mikono, anatafuta kitu juu ya kichwa chake, kitu kilichopaswa kuwapo. Hakukipata. Akazunguka, akajiinua tena. Akarudi mpaka ufani, akaja mbio njia ile ile bila kukosea hata kidogo, akafika pale pale, akajiinua pale pale. Hewa tupu. Akatoa mlio mdogo.

Kicheko cha Sindano kikapungua kidogo. Ule haukuwa mlio wa mwizi.

Akatambaa mpaka kwenye kona, akaondoa bitana kwenye tochi. Kwenye vumbi la sakafu zilikuwapo alama nne za mviringo, zimekaa kwa mraba, safi kama vifungo. Miguu ya kiti. Kiti kifupi, kipana, ambacho kwa chini mnyama mdogo akijiinua anafika.

"Hiyo stuli niliibeba mimi," Kaka akasema taratibu. "Kichwani."

"Ukaiweka wapi?"

Walifungua pazia kwa kidole. Kwenye chumba cha mbele, katikati ya majora yaliyobaki, juu ya stuli pana ya sponji, alikaa mama wa bibi harusi na uzito wake wote, mikono magotini, kama nchi iliyopata uhuru.

Sindano alijaribu akili kwanza, maana ndiyo zana aliyokuwa nayo. Akamwendea kwa heshima, akamwomba asimame kidogo ili waone gauni linavyokaa. Mkwe akajibu kwamba harusini atakuwa amekaa, basi walione likiwa limekaa. Shangazi, aliyeshaelewa kwa kutazama nyuso zao, akamkaribisha chai kwenye meza ya dirishani. Mkwe akasema iletwe hapo hapo. Kaka akaleta kiti kizuri chenye mgongo, akakifuta vumbi kwa pindo la fulana yake. Mkwe akamshukuru, akaweka mkoba wake juu yake.

Kisha chini ya gauni kukasikika mlio. Mwembamba, wa sauti nyingi ndogondogo.

"Kiti chenu kina njaa," mkwe akasema.

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda kwa fujo. Sindano akamtazama kaka yake. Koti lilikuwa bado kwenye henga, suruali ilikuwa na ramani nzima ya sakafu ya stoo magotini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekaribia kusema jambo la kijinga na la kiungwana. Na kweli akafungua mdomo, akaanza kusema kwamba mama, naomba radhi, pete nimeipo...

"Si yeye," Sindano akamkata. Akapiga magoti mbele ya mkwe. "Leo si yeye, mama. Pete nilipewa mimi, na nimeipoteza mimi. Niliificha kwenye karanga. Panya kaichukua. Tumemfuata panya mpaka kwake, na kwake ni hapo ulipokaa."

Duka zima likanyamaza, isipokuwa kiti.

"Kwenye karanga," mkwe akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wewe si ndiye mwenye akili katika ukoo huu? Niliambiwa hivyo."

"Nani alikuambia, mama?"

"Wewe."

Sindano akainamisha kichwa. Nyuma yake alisikia Shangazi akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mkwe akainuka. Aliinuka polepole, kwa hatua, na zipu ikashika. Akaishika stuli kwa mikono miwili, akaipindua miguu juu kama mtu anayegeuza sufuria. Kitambaa cha chini kilikuwa na tundu la kupita ngumi. Shangazi, mwanamke aliyeongoza duka lake kwa mkono wa chuma, akapanda juu ya meza. Mkwe hakupanda popote. Alipandisha mkono wa gauni akaingiza mkono ndani.

Kwanza alitoa kipande cha mahameli. Halafu kipande cha hariri nyekundu, kile ambacho mteja mmoja aliwahi kugombania mpaka akalia. Halafu kipande cha kitambaa cha gauni lake mwenyewe alilolivaa. Akakitazama, akamtazama Shangazi juu ya meza, akaendelea. Kisha akatulia, na alipotoa mkono tena alikuwa amefungua kiganja. Juu yake kulikuwa na vitoto vya panya, vyekundu, bila manyoya, macho yamefumba, vinatafuta ziwa kwenye mistari ya mkono wake.

"Na nyinyi mlikuwa mnamwita nani huyu?"

"Shemeji," Kaka akasema kwa sauti ndogo.

"Huyu ni mzazi. Mmempora nyumba na watoto ndani yake, halafu mnamwita mwizi."

Akavirudisha kwa uangalifu, akachimba tena. Safari hii kilitoka kifuko cha bitana, kimetobolewa, na alipokikung'uta kikatema karanga ya mwisho, na nyuma ya karanga, ikazunguka kiganjani na kulala, pete.

Mkwe alimtazama Kaka, kuanzia nywele zenye utando wa buibui mpaka magoti yenye vumbi. Akataka kujua kwa nini suruali iko hivyo. Kaka akaeleza kwamba alilala chini kumwangalia panya anavyopita. Akaulizwa anapitaje. Basi Kaka akaonyesha: akapinda ambapo panya alipinda, akaruka jora lisilokuwapo, akainama chini ya mashine isiyokuwapo, mikono kifuani, pua mbele. Sindano akaingilia kusahihisha kona. Shangazi akiwa juu ya meza akasema hapana, hapo aliinama zaidi. Na hapo mama wa bibi harusi, ambaye hakucheka siku ya jirani, akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa cha kutikisa vioo, akashika meza, akashika pazia, akakosa cha kushika akamshika mkwewe mtarajiwa.

"Wamemhamishia nyumba na bado anajua ilipokuwa," akasema akifuta machozi. "Angekuwa mwanamume ningemwoza yeye."

"Kweli kabisa, mama," Kaka akasema.

"Usinikubalie haraka hivyo. Kavae koti."

Kulikuwa na gari linapiga honi nje. Kulikuwa na suruali ya kufutwa kwa kitambaa chenye maji na kupigwa pasi mguuni mwa mwenyewe, huku akipiga kelele. Lakini mkwe alikataa kutoka kabla stuli haijarudi kwenye alama zake nne. Kaka akaibeba kwa mikono, kama anabeba yai, akaitua kwenye alama. Kisha wote wakasimama nyuma ya pazia, wamevaa nguo za harusi, wamebanana kama pini kwenye mto, tochi imefunikwa bitana, honi inalia.

Shemeji akatoka ufani. Akapinda, akaruka, akainama, akachomoka kwenye kona, akajiinua kwa miguu ya nyuma. Safari hii mikono yake ilikuta kitambaa. Akapotea ndani kwa kasi ambayo hakuna aliyeiona vizuri, na vilio vidogo vikakatika kimoja baada ya kingine.

Sindano akanyoosha kiganja. Akasema basi, mama, nipe pete niitunze mpaka tufike. Nimeshapata wazo zuri zaidi la mahali pa kuificha.

Mama wa bibi harusi akamtazama kwa huruma. Akavuta shingo ya gauni lake, akaidondosha pete kifuani, akajipigapiga mara moja kuhakikisha imefika.

"Aje panya wa kufika huku," akasema, akatangulia kwenye gari.